Gusa paipu kwanza, kasi ya kompyuta itangoja

Skrini ilikuwa inasema nyuzi 100. Mkono wangu ulikuwa umeshika paipu inayotoa maji kwenye prosesa, na hiyo paipu ilikuwa baridi kama soda ya friji. Hapo ndipo nilijua kwamba shilingi 17,000 za mama yangu zilikuwa zimeenda bure.

Wacha nirudi nyuma kidogo ndiyo tuelewane.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikataa kupatikana, nikatoka, sina hadithi ndefu hapo. Siku hizi nahariri video: harusi, ruracio, mazishi, na nyimbo za injili za wasanii ambao hata majirani wao hawajui wanaimba. Keja yangu ni bedsita Roysambu, na ofisi yangu ni meza iliyobanwa kati ya kitanda na sinki. Mwaka juzi nikasikia kuna jamaa anahama nchi na anauza kompyuta yake haraka. Ndani ilikuwa na prosesa ya Intel, Core i7-8700K, na ilikuwa inapozwa kwa maji. Si ile mitambo midogo inayotoka kiwandani ikiwa imefungwa kabisa. Hii ilikuwa imeundwa kipande kwa kipande: pampu yake, tangi dogo la plastiki, redieta mbili, paipu angavu, maji ya zambarau na taa za kila rangi. Mazee, nganya ya Rongai ingeona haya.

Nilipiga picha nikaweka stetasi kabla hata sijauliza maji yalibadilishwa lini mara ya mwisho.

Miezi minne baadaye ikaanza kujizima. Nilikuwa na harusi ya watu wa Nyeri mezani, na malipo ya awali nilikuwa nimeshalipia kodi ya nyumba. Nawasha, naanza kurenda, dakika tatu, giza. Nawasha tena, giza tena. Kwanza nikalaumu stima. Nikanunua ekstensheni ya bei, ile yenye kinga. Bado. Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja mjini, yeye akaiwasha, akaona nyuzi 100, akaniambia, “Kijana, hii prosesa imekwisha. Tafuta nyingine.” Hakufungua skrubu hata moja. Na mimi sikumuuliza chochote, kwa sababu alikuwa amevaa koti la kazi na mimi nilikuwa na uoga.

Mama alikuwa amepata zamu yake ya chama wiki hiyo. Pesa ilikuwa ya kununua tangi la maji nyumbani. Akanipa. Nikatafuta prosesa nyingine kama hiyo, ya mtumba, nikaifunga mwenyewe nikifuata video, nikapaka pesti mpya ya joto, nikawasha.

Nyuzi 100.

Nilikaa chini ya meza nikiwa na taa ya simu na ndipo, bila mpango wowote, nikagusa. Bloku, yaani kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa, ilikuwa inachoma kidole. Paipu, sentimita kumi tu kutoka hapo, baridi. Pampu ilikuwa inatetemeka, kwa hivyo ilikuwa hai. Nikamulika tangi: maji yametulia kama ya dimbwi. Joto lilikuwa limefika kwenye bloku na kukwama hapo, kwa sababu maji hayakuwa yanapita. Prosesa ya kwanza haikuwa na shida yoyote. Hata ya pili haikuwa nayo.

Sasa maoni yangu ni haya, na najua kuna watu wa magrupu ya WhatsApp watakaonirukia. Kila wiki naona kijana anauliza, “Nataka kuovakloki, nianzie wapi?” na anajibiwa kwa namba. Weka 5.0. Weka volti 1.4. Hakuna anayemuuliza kama anajua joto la mashine yake linapita wapi. Kama huwezi kunionyesha kwa kidole safari ya hilo joto kutoka kwenye prosesa hadi nje ya dirisha, usiguse kasi. Utaunguza pesa, na mara nyingi si zako.

Shida ni kwamba watu wanadhani maji yanatengeneza baridi. Hayatengenezi. Kazi yake ni kubeba. Yanachukua joto kwenye bloku, yanalipeleka kwenye redieta, feni inalisukuma nje. Maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba chako, hata ununue redieta ya lori. Rafiki yangu wa Mombasa chumba chake kikiwa nyuzi 31 na changu kikiwa 22, yeye ameanza mbio akiwa nyuma kwa nyuzi tisa, na hakuna setingi itakayomrudishia. Sisi wa Nairobi nasi tuna letu: tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15, kwa hivyo feni inayozunguka kwa kasi ileile inabeba joto kidogo kuliko pwani. Usinakili namba za mtu wa Ulaya aliyepima wakati wa baridi na dirisha wazi.

Na maji yenyewe yana nguvu kuliko unavyofikiri. Lita moja kwa dakika, ikibeba wati 150, inapanda joto kwa nyuzi mbili tu kati ya kuingia na kutoka kwenye bloku. Mbili! Ndiyo maana mkono wako ni kifaa kizuri. Mzunguko ukiwa sawa, paipu ya kuingia na ya kutoka zinafanana, huwezi kuzitofautisha kwa kidole. Ukihisi moja ni moto na nyingine baridi, maji yanatambaa. Ukihisi zote baridi na prosesa inaungua, aidha maji yamesimama au bloku haijakaa vizuri juu ya prosesa. Na zote zikiwa moto sawasawa, maji yanafanya kazi yake vizuri kabisa. Nenda ukaangalie redieta, vumbi, feni, na kama umeisukuma kompyuta ukutani.

Saa pia inasema. Washa kazi nzito ukiangalia joto kwenye HWiNFO, ni programu ya bure. Likiruka hadi 95 ndani ya sekunde tano, tatizo liko pale pale kwenye prosesa: bloku, pesti, skrubu zisizokazwa sawa, au pampu. Likipanda polepole kwa dakika ishirini, nusu saa, ndipo lifike huko, tatizo ni redieta na hewa. Yule fundi angekaa sekunde tano tu angejua. Ningekaa mimi sekunde tano ningejua.

Tuendelee na bloku yangu. Niliifungua. Ndani kuna mapezi ya shaba membamba kama karatasi, yamepangwa karibu karibu, na maji yanapita katikati yake. Yangu yalikuwa yamejaa kitu kama uji uliolala. Nilisoma baadaye: zile paipu laini za plastiki angavu zina kilainishi ndani yake, na kwa muda kilainishi hicho kinatoka na kuingia kwenye maji, kinaenda kukwama mahali penye nafasi ndogo zaidi. Changanya na rangi ya zambarau ambayo nayo inaganda, umepata uji. Uzuri wote ule wa stetasi ndio ulioziba bloku.

Kusafisha haikuwa kazi ya chuo. Niliondoa maji yote, nikaichukua bloku, nikaisugua kwa mswaki laini na sabuni ya vyombo, nikaangalia mpira wake wa kuziba haujakatika, nikaisuuza mara nyingi kwa maji ya kujazia betri. Ndiyo, yale ya petroli stesheni, lakini soma kibandiko ujue umechukua maji safi na si asidi. Usitumie ya mfereji, na ya kisima ndiyo usiyakaribie, chumvi yake itabaki ndani. Paipu angavu nikatupa, nikaweka za mpira mweusi. Hazina mvuto hata kidogo. Ndani ya maji nikatia dawa ya kuzuia mwani, matone machache. Na kabla ya yote nilihakikisha redieta ni za shaba kama bloku, kwa sababu ukiweka alumini na shaba kwenye maji mamoja, alumini inaliwa polepole mpaka inatoboka.

Halafu ile sehemu ambayo watu wanaruka. Usijaze maji ukawasha kompyuta nzima. Chomoa waya zote za umeme zinazoenda kwenye mazabodi na kadi ya picha, acha pampu peke yake. Pawasaplai inaweza kuwashwa bila mazabodi kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye ile plagi kubwa. Kama huna uhakika na plagi hiyo, mwite anayejua, ni dakika mbili. Panga tishu nyeupe chini ya kila kiungo. Acha maji yazunguke saa 24, ukiinamisha kasha huku na huku ili hewa itoke. Wakati wa kujaza pampu isizunguke ikiwa kavu hata kidogo, kwa sababu maji ndiyo mafuta yake. Tishu yangu moja ililowa saa nane usiku, kiungo kimoja kilikuwa kimelegea. Kama ningekuwa nimewasha kila kitu, maji yangeingia moja kwa moja kwenye kadi ya picha.

Kesho yake nikarenda harusi ya Nyeri. Nyuzi 71. Gharama yote, pamoja na paipu, haikufika 3,500.

Sasa tunaweza kuongea kuhusu kasi.

Kuovakloki ni kulazimisha prosesa ikimbie kuliko ilivyoandikiwa kiwandani. Kuna watu wanasema huo ni mchezo wa watoto wa matajiri. Nakataa kabisa. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, chipu ya bei ya chini ya megahezi 300. Vijana wakagundua kwamba ukiongeza kasi ya basi kutoka 66 hadi 100, nyingi zinakimbia 450 bila kulia, na kukaribia Pentium II ya 450 iliyouzwa bei mara kadhaa. Hao hawakuwa matajiri. Tajiri alinunua Pentium II akaenda kulala. Mtu asiye na pesa ya kupanda ngazi ndiye anayekaa usiku akitafuta megahezi moja moja, na mimi niko kwenye hiyo foleni.

Kwanza angalia kama yako inafunguka. Prosesa za Intel zinazokubali ni zenye herufi K mwishoni, na zinataka mazabodi ya familia ya Z. Karibu Ryzen zote za mezani za AMD zinakubali, ila mazabodi za A320 zinakataa. Kama yako ni ile kompyuta ya ofisi ya ng'ambo tunayonunua mtumba, i5 isiyo na K, hapo hakuna ovakloki, usidanganywe na mtu. Toa vumbi, badilisha pesti, weka SSD kama bado una diski ya kuzunguka. Utahisi tofauti kubwa kuliko yule aliyeongeza gigahezi nusu.

Ikifunguka, hifadhi faili zako kwingine kabla hujagusa chochote. Kasi isiyotulia haizimi kompyuta tu, inaweza kuandika faili vibaya ukagundua baada ya wiki, na mteja hawezi kuolewa mara ya pili ili urekodi tena. Kisha pima ulipo: joto bila kazi, joto ukiwa na kazi nzito, joto la chumba, na muda wa kurenda kipande fulani. Andika kwenye kitabu. Mimi nina eksasaizi ya kurasa 48 na ndiyo programu yangu muhimu kuliko zote.

Halafu unabadilisha kitu kimoja. Kimoja! Kwenye BIOS kuna kizidishi: 43 mara megahezi 100 ni gigahezi 4.3, na hiyo ndiyo kasi ya 8700K viini vyote sita vikifanya kazi kama kiwanda kilivyopanga. Nilipanda hadi 44, volti sikugusa, nikaendesha Cinebench dakika kumi, nikaandika. 45. 46. Setingi za kuharakisha RAM nilizizima kwanza, kwa sababu ukipandisha RAM na prosesa pamoja na mashine ianguke, utamlaumu nani? Kwenye 47 ikanipa skrini ya buluu. Hiyo si msiba. Ikikataa hata kuwaka, unazima, unachomoa waya, unatoa ile betri ndogo ya mazabodi dakika chache, inasahau kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani. Hapo nikaongeza volti, kidogo sana, na kurudia.

Volti ndiyo ya kuogopa. Joto la prosesa linapanda na kasi, lakini linapanda na volti mara volti. Ukitoka 4.3 kwa volti 1.20 hadi 5.0 kwa 1.35, kasi imeongezeka asilimia 16 na joto unalopaswa kuondoa limeongezeka asilimia 47. Piga hesabu mwenyewe uone. Na joto likizidi prosesa inajitetea: 8700K ikifika 100 inajipunguzia kasi. Volti haina huruma hiyo. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi na kuharibika moja kwa moja, ikatoa rekebisho mwezi wa nane na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Hizo hazikuwa hata zimeguswa na mtu. Sasa wewe unayeandika 1.45 kwa sababu jamaa fulani mtandaoni aliandika, una dhamana ya nani? Mimi sipiti 1.30, na nalala vizuri.

Nilisimama kwa 4.8. Mradi uliochukua saa tatu sasa unachukua kama saa mbili na dakika arobaini. Ni hivyo tu, hakuna muujiza. Lakini video tano kwa wiki, hiyo ni saa na zaidi ya kulala, na haikunigharimu chochote ila tokeni za stima. Nilijaribu 5.0 pia. Ilikubali, ila joto likawa 93, nikarudi 4.8 bila kuona haya.

Na hapa nitawaudhi wengine. Kama unajenga leo kwa pesa ya kujibana, sahau mfumo wa maji wa kuunda mwenyewe. Kipozaji cha hewa cha mnara, chenye feni mbili, kitakupa karibu matokeo hayohayo kwa prosesa kama yangu, hakivuji, hakizibi, na kikiharibika kitakachokufa ni feni ya kununuliwa mtaani. Hii 8700K yenyewe chini ya kifuniko chake cha chuma Intel iliweka pesti badala ya kulehemu, kwa hivyo joto linakwama ndani kabla hata halijafika kwenye maji yako ya bei ghali. Maji ni mazuri ukiwa na kadi kubwa ya picha, ukitaka kimya, au ukipenda tu kuyaona yakizunguka. Kupenda si kosa, lakini usiniambie ni lazima. Mimi nimebaki nao kwa sababu ulikuja na mashine, na kila miezi sita nafungua, natazama mapezi, nabadilisha maji.

Prosesa ya pili niliiuza 12,000. Elfu tano zilizobaki nilimlipa mama kidogo kidogo, na tangi lake lilinunuliwa likiwa limechelewa msimu mzima wa mvua. Kwa yule fundi sikurudi. Nilifikiria kurudi nimwonyeshe ule uji, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi sikuwa nimemuuliza, “Umejuaje?”

Kwa hivyo ukinitumia picha ya skrini yenye nyuzi 100 na kuuliza ununue nini, usishangae nikikujibu kwa maswali. Ilichukua sekunde ngapi kufika hapo? Pampu inatetemeka? Na paipu, ulipoishika, ulihisi nini?